Batiki, Nane Nane na nyumba imejaa wageni: haya nawaambia nyie mnaoanza

Wadogo zangu mnaoanza batiki, yaani kutia vitambaa rangi huku mnafunga kamba au kupaka nta ili sehemu nyingine zisiingie rangi, hasa nyie mnaofanyia kazi nyumbani kama mimi hapa Morogoro, hii ni ya kwenu. Mwezi wa saba ukishafika katikati maswali huwa ni yale yale, dada rangi gani inatoka sana, dada nipeleke pisi ngapi kwenye maonesho, na hakuna anayeuliza kuhusu wageni. Jamani wageni! Nane Nane ya kanda ya mashariki, haya maonesho ya wakulima, inafanyika hapa hapa Moro, watu wa Tanga, Pwani na Dar wote wanakuja huku, inaanza tarehe 1 Agosti mpaka tarehe 8 yenyewe, na ndugu yeyote aliyekuwa na nia ya kuja kukusalimia mwaka mzima anachagua siku hizo hizo. Tena tangu treni ya umeme ianze mwaka 2024 mtu wa Dar anafika huku kwa kama saa mbili tu, anakupigia ameshashuka, wifi tumefika tuna mabegi na watoto, na wewe hapo mikono ina rangi mpaka kwenye viwiko na mzigo wa kupeleka bandani kwenye maonesho bado nusu.

Sasa mimi sitaki mgeni aone kama amekosea kuja. Mama mkwe akija kwangu ale, anywe chai, aongee na mimi, asikae peke yake sebuleni anaangalia ukuta eti mkwe yuko bize. Na kazi nayo nataka iende maana Nane Nane ikipita imepita, wateja wa aina ile, wanaokuja na familia na pesa ya matembezi mfukoni, huwapati tena mpaka mwakani. Vyote viwili vinawezekana ila siyo kwa kukesha, vinawezekana kwa kupanga wiki kwa swali moja tu: hii kazi, mtu akipiga hodi saa hii, naweza kuiweka chini nikaenda kumpokea?

Ukijiuliza hivyo kazi zote za batiki zinajigawa zenyewe. Kufunga vitambaa kwa kamba, kushonea mikunjo kwa sindano, kuchora dizaini kwa penseli, kukata mihuri ya sponji ya godoro, kupiga pasi, kukunja, kuandika bei, hizi zote zinasubiri, unaziacha mchana unazirudia usiku na hakuna kilichoharibika. Ila nta ikiwa motoni haisubiri. Na beseni la rangi likishakolea halisubiri kabisa, hapa naomba mnielewe vizuri kwa sababu ndipo pesa inapopotelea.

Hizi rangi tunazotumia wengi, zile zinazokorogwa na dawa mbili, kostiki soda na haidrosi, zenyewe haziyeyuki kwenye maji ya kawaida. Kostiki na haidrosi ndo zinaibadilisha ile rangi mpaka iyeyuke na kuingia ndani ya uzi wa pamba, ndo maana ukichungulia beseni unaona rangi ya ajabu ajabu siyo ile uliyonunua, halafu kitambaa kikitoka na kupigwa na hewa ndo rangi yenyewe inarudi na kukaa humo humo. Sasa hewa hiyo hiyo inayokusaidia nje ni adui ukiwa bado hujachovya, maana inaimaliza nguvu haidrosi iliyomo kwenye beseni, kwa hiyo ukiandaa rangi halafu ukaenda kupika chai ya wageni na kuulizana habari za nyumbani, ukirudi beseni limechoka na kitambaa kinatoka na mabaka. Utalaumu aliyekuuzia rangi wakati rangi haina kosa. Siku ya rangi ni siku ya rangi, anza alfajiri kabla nyumba haijaamka, vitambaa viwe vimelowekwa tayari usiku, kamba za kuanikia zimefungwa, glavu zipo, maji yapo, na kama kuna mtu unajua anakuja siku hiyo mwombe mwenzako ampokee. Hakuna anayenuna ukimwambia mapema.

Oda za sare ndo za kwanza kabisa. Kina mama wa VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, au kwaya wanataka pisi zao zote zifanane, na batiki haifanani ukiichovya leo chache na keshokutwa chache, hata upime kwa kijiko kile kile. Maji yanatofautiana joto, haidrosi imefunguliwa imekaa, kitambaa cha jora lingine kinanywa tofauti. Kwa hiyo sare zote zichovywe kwa mkupuo mmoja na ziishe kabla mgeni wa kwanza hajaingia mlangoni, pisi moja moja za kuuza bandani ndo zibaki kwa siku za wageni, zile kila moja ikiwa na sura yake ndo mteja anapenda zaidi.

Na kabla ya yote hayo kitambaa. Chomoa nyuzi mbili tatu pembeni uchome na kiberiti, pamba inaungua kama karatasi inaacha majivu, ikiyeyuka na kuganda kama kapunje kagumu ujue kuna poliesta humo na hizi rangi haziishiki poliesta. Halafu kifue na sabuni kitoke ule wanga wa kiwandani. Hii ifanye hata wiki mbili kabla, ni kazi ya kuchosha na haina uzuri wowote wa kumuonyesha mgeni.

Sasa watoto. Wifi akija na watoto wa miaka mitatu minne, nyumba yako siyo ile uliyoizoea. Wako wanajua lile kabati haliguswi, wa wifi hawajui, na kostiki soda ikiwa kwenye kopo inafanana na chumvi au sukari kwa mtoto. Naomba, naomba sana, usiihamishie kwenye kopo la maziwa au chupa ya soda hata kwa dakika moja. Ikae kwenye chombo chake chenye maandishi, juu, kwenye chumba chenye kufuli, na funguo uwe nayo wewe. Haidrosi nayo ikae pakavu na ifungwe vizuri kabisa kwa sababu ikipata unyevu inapata joto yenyewe na inaweza kuwaka, kwa hiyo siyo ya kuiweka chini ya sinki wala karibu na ndoo za maji. Kostiki ndo inamwagwa kwenye maji kidogo kidogo huku unakoroga, usimwage maji juu ya kostiki, inachemka na kurukia mtu usoni. Ikimgusa mtu kwenye ngozi au jicho ni maji mengi ya bomba yanayotiririka, dakika 20 bila kuacha, halafu hospitali. Mtoto akimeza usimtapishe, kilichochoma kikishuka kitachoma tena kikipanda, msuuze mdomo umkimbize hospitali na lile kopo ulibebe wakaone ni nini.

Na vyombo, wageni wakiwa wengi masufuria hayatoshi na shangazi mwenye nia njema anaingia stoo anatoka na beseni lako la rangi anaoshea mchele. Vyombo vya batiki vichore alama kubwa, mimi napiga msalaba wa rangi nyekundu nje na ndani, na wageni wakifika tu nikishawakaribisha na kuwapa maji ya kunywa nawaonyesha: vyenye msalaba ni vya kazi, haviingii jikoni. Kinyume chake pia ni kweli, sufuria zetu za kupikia ni za alumini na kostiki inazila, inatoa povu na gesi inayoshika moto, kwa hiyo hata ukibanwa vipi usiazime sufuria ya ubwabwa kukorogea rangi. Plastiki ngumu inatosha.

Nta ni yenyewe na habari yake. Nachanganya ya nyuki na parafini, ya nyuki inashika kitambaa na kulainika, parafini inapasuka pasuka na kutoa ile mistari kama mishipa, ukitaka mistari mingi unaongeza parafini. Ila inapashwa moto mdogo, ikianza kutoa moshi umeshachelewa, itoe motoni. Ikiwaka funika na mfuniko, usimwagie maji, ukimwagia inalipuka. Kwa hiyo pembeni ya jiko la nta kuna mfuniko muda wote na hakuna mtoto anayepita, na wageni wakianza kuingia, kugonga mihuri ya nta kunaisha. Pisi zenye nta naziweka kivulini, jua la mchana linazilegeza dizaini yote inasambaa.

Haya tuje kwenye raha yenyewe, kufunga. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, kwangu jembe ni kamba na bakuli la maharage. Usiku baada ya kula tunatandika mkeka barazani, nachukua vitambaa vyeupe, maharage, punje za mahindi, vijiwe, tunafunga huku tunapiga stori. Watoto wakubwa wanapenda sana kwa sababu hawajui itatokea nini. Mama mkwe humpi kazi lakini, hata kama umezoeana naye vipi. Unakaa karibu naye, unafunga taratibu, unamuuliza habari za kwao Kilosa, mvua ilikuwaje, na baada ya muda atasema mwenyewe lete na mimi nijaribu mwanangu. Mikono ya wamama wale haina mchezo, wamesuka mikeka miaka yote wanajua kukaza. Na mazungumzo yanayopatikana pale, mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa chini, huyapati sebuleni na televisheni imewashwa. Ndo maana nasema kazi hii na wageni havigombani, ukimpa mgeni sehemu ile inayosubiri ataondoka anakujua kuliko alivyokuja.

Jambo moja la ufundi hapo, kila mtu anakaza kwa mkono wake, wa wifi unalegea rangi inaingia ndani, wa mama mkwe unabana unatoka mweupe peee. Kwa hiyo pisi moja aifunge mtu mmoja mwanzo mpaka mwisho. Ukichanganya, upande mmoja wa gauni utakuwa na maua na upande wa pili mawingu, na hakuna fundi cherehani atakayekusaidia hapo.

Maji yanataka hesabu yake. Batiki inakunywa maji na wageni wanaoga, na mgao haujui kama una sherehe. Jaza madumu yote siku mbili kabla, ya kazi yakae nyuma na ya wageni mbele, na usitegemee simtanki peke yake. Maji ya suuza ya mwisho ambayo hayana rangi yanaenda chooni. Maji ya rangi yenyewe usiyamwage kwenye bustani ya mchicha wala karibu na kisima, chimba shimo lako mbali. Na yale ya kuchemshia kutoa nta usiyamwage yakiwa ya moto kwenye mfereji, yataganda huko na kuziba, yaache kwenye pipa yapoe usiku kucha, asubuhi nta imeganda juu unaikusanya na kuitumia tena.

Kamba za kuanikia ziwe mbili tofauti kabisa. Wageni wanafua, na shati jeupe la mtoto wa watu likidondokewa na tone la bluu iliyokolea halitakata, hizi rangi zimetengenezwa zisitoke.

Kuhusu kupika, wiki hiyo sipiki vitu vya kusimamiwa. Maharage yanachemshwa kwa wingi siku moja, nazi inatiwa siku ya kula, ndizi na nyama inajipikia kwenye moto mdogo wakati unapiga pasi. Chapati waachie wageni wanaozipenda, wakusukumie wenyewe, watafurahi.

Mwisho ni pesa na ndugu, na hapa wengi mnaumia kimya kimya. Ndugu atakuja stoo, atashika pisi, atasema hii nzuri nitaondoka nayo. Sasa kabla hawajafika tenga pembeni pisi za zawadi, zikunje vizuri, zifunge na utepe, kila mgeni na yake, na uzitoe siku ya kuaga kwa moyo wote. Zilizobaki zishaandikwa bei na zipo kwenye mabegi ya kwenda bandani, mtu akiitaka unamwambia kwa upole hiyo ni ya biashara shangazi, ya kwako nimekuwekea. Oda nazo chukua advansi nusu kabla hujagusa kitambaa, hata kwa rafiki, maana advansi hiyo ndo inanunua rangi na haidrosi ya oda yake. Na pesa ya mauzo ya bandani isiingie kwenye pochi ya matumizi ya nyumbani, iende kwenye simu kila jioni kwenye laini ambayo hulipii mchele wala mkaa, uje uihesabu tarehe 9 wageni wakishapanda gari, ndo utajua kama una mtaji wa jora lingine la kitambaa.