MASWALI YENU: Mzee wangu ni "Vindi boy", nifanyeje na boksi lake?

SWALI: Shikamoo mjomba. Mimi ni mama wa Kitanzania, niko Gloucester Uingereza, nafanya kazi ya kuangalia wazee. Kuna babu mmoja kila asubuhi nikimvalisha lile joho lake la asubuhi ananinyang'anya mkanda, anafunga fundo, anafungua, anafunga tena, macho yake yanaangalia dirishani wala haangalii mikono. Anasema yeye ni "Vindi boy", mwanzoni nikadhani ni timu ya mpira. Sasa juzi binti yake kasema boksi lililoko chini ya kitanda litaenda na takataka, na ndani kuna picha za vijana kambini, beji, na kitabu cha bluu cha baharia. Roho inaniuma lakini boksi si langu. Vindi ndiyo nini, na mimi nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza kabisa leo leo mwombe huyo binti asubiri wiki mbili tu, usimwambie anakosea, mwambie unataka kukaa na baba yake mpitie picha pamoja, hakuna mtoto atakayekataa hilo.

Haya, Vindi ni kifupi cha Vindicatrix, na hiyo ni meli. Iliundwa Port Glasgow, Scotland, mwaka 1893 ikiwa meli ya matanga, jina lake Arranmore, baadaye wakanunua Wajerumani wakaiita Waltraute, vita ya kwanza ikawa inahudumia nyambizi zao, vita ikaisha Waingereza wakaichukua na kuipa hilo jina la tatu. Ilikuwa kwanza kule Gravesend, mto Thames, vijana wa shule ya ubaharia wanalala humo. Vita ya pili ilipoanza 1939 ikavutwa mpaka Sharpness, yaani hapo hapo kwenu, pale mfereji wa kwenda Gloucester unapokutana na mto Severn. Matanga ilikuwa haina tena, ni boma tu la chuma limefungwa ukingoni na kambi ya mabanda kando yake.

Humo sasa ndimo walimopita vijana kama 70,000 kati ya 1939 na 1966. Soma tena hiyo namba. Wengi walikuwa na miaka 16 au 17, anatoka kwao na kabegi, wiki chache anafundishwa mafundo, kushona kamba, kupiga makasia ya boti la uokoaji, kushika usukani, na kutaja pande zote 32 za dira bila kukwama, na wale wa upande wa jikoni na kuhudumia mezani nao wanafundishwa ya kwao, halafu huyo, anapangiwa meli. (Hizo pande 32 manahodha wa majahazi ya kwetu nao walikuwa nazo kwenye dira yao ya nyota, kwa hiyo babu yako na nahodha wa Lamu wangeelewana vizuri tu.)

Na wakati wa vita kupangiwa meli haikuwa mchezo. Ukifika London nenda Tower Hill, kuna mnara wa mabaharia wa meli za biashara na wavuvi waliopotelea baharini kwenye vita zile mbili bila kaburi, majina yanakaribia 36,000. Hao hawakuwa wanajeshi, ni watu waliobeba ngano na mafuta, na wapo waliokuwa watoto kabisa.

Shule pale ikafungwa 1966, mafunzo yakarudishwa Gravesend, na meli yenyewe ikapelekwa Newport, Wales, 1967 ikakatwakatwa kuwa chuma chakavu. Mimi hapo ndipo huwa nachukia, meli ya mwaka 1893 imepita mikononi mwa mataifa mawili halafu inauzwa kwa uzito kama sufuria. Lakini ndo imeshatokea. Maana yake ni kwamba ukienda Sharpness leo meli huioni, utaona kumbukumbu waliyowekewa na maji yametulia. Vindi iliyobaki iko kwa wazee, na piga hesabu mwenyewe, aliyeingia na miaka 16 mwaka wa mwisho kabisa sasa hivi ana zaidi ya 70. Kwa hiyo usianze na boksi, anza na babu.

Omba ruhusa kwake mwenyewe, kwa binti yake na kwa bosi wako hapo kazini, hili usiliruke hata kama una nia njema, kazi yako isije ikaingia matatani. Ukipata ruhusa weka simu mezani irekodi. Sasa usimuulize "nihadithie historia ya shule", atakujibu maneno mawili anyamaze. Muulize walikuwa wanakula nini, walilala wapi, baridi ilikuwaje, nani alikuwa akiwafokea, usiku wa kwanza alilia au hakulia. Baadhi ya hao wazee watakuambia kulikuwa na njaa na ubabe, acha aseme, usimkatize kwa "lakini mlijifunza mengi". Tena muulize kama aliwahi kushuka Kilindini au Dar, maana meli za Union-Castle, kampuni ya Waingereza, zilikuwa zinapita huku kwetu kote, unaweza ukashangaa mtu unayemvalisha soksi kashakunywa madafu Tanga kabla wewe hujazaliwa.

Na mikono yake ipige video. Hili ndilo muhimu kuliko yote kwa maoni yangu, sababu picha za kambi wengi wanazo ila namna kidole gumba kinavyosukuma kamba kwenye bolaini, lile fundo la kitanzi lisilojikaza, hiyo haiandikiki.

Ndo uje kwenye boksi. Picha moja moja, muulize nani huyu, jina uliandike nyuma kwa penseli laini pembeni, siyo kalamu ya wino, itapenya mbele. Usibandike na selotepu, usipeleke kulaminetiwa, vibanio vya chuma vitoe vitaacha kutu. Zipige skani kisha originali zirudi vilevile zilivyokuwa zimepangana, maana hata mpangilio wake una habari. Kile kitabu cha bluu usikichukulie poa: kila meli aliyopanda imeandikwa, tarehe ya kuingia na kutoka, na kuna mihuri ya VG ("Very Good"), yaani alifanya kazi vizuri sana na tabia ilikuwa nzuri sana. Baharia akikosa huo muhuri alikuwa na la kujieleza kwa ajira inayofuata.

Familia ikisema haiwezi kulitunza, hapo hapo mjini kuna Gloucestershire Archives, nyaraka za mkoa zinatunzwa pale, na Vindi boys wenyewe walianzisha chama chao. Waandikieni kwanza kuuliza, msiende kulitupa mlangoni. Na liende zima, beji isibaki kwa mjukuu huku na kitabu kule.

Halafu huo mkanda wa joho mwachie ila mtafutie na kamba ya kweli, kama mita mbili hivi. Ukipata ya katani ndo safi, ya nailoni inateleza fundo halishiki.

SWALI: Bwana mhariri, babu yetu alikuwa Royal East African Navy, jeshi la majini la Afrika Mashariki enzi za Waingereza, pale Mombasa, kafariki, imebaki kofia tu na imejaa vumbi na jasho. Tufanye nini? Msomaji, Likoni.

JIBU: Poleni. Hicho kikosi kilimalizika 1962, na jeshi la majini la Kenya likaja 1964, kwa hiyo baadhi ya wenzake huenda waliendelea huko. Ulizeni wazee wa mtaani kwenu na wa Mtongwe, kwenye kambi ya wanamaji, kabla hamjauliza ofisi yoyote, mkiwa na kofia mkononi, mtu akiiona ataanza kuongea mwenyewe. Geuzeni ndani mtazame kwenye ukanda wa jasho, mabaharia walikuwa wanaandika jina au namba pale. Vumbi litoeni kwa brashi laini kavu. Kofia msiifue.