Pesa ya elimu maalum haiingii M-Pesa ya mzazi

SWALI: Mwanangu ana miaka 9, yuko gredi ya 3 katika shule ya msingi ya umma. Hospitali ilituambia ana usonji. Mwalimu mkuu asema shule haipati chochote cha ziada kwa ajili yake. Kuna bwana ataka shilingi 4,500 anishughulikie kadi ya ulemavu na "cheti cha shule", asema baada ya hapo pesa ya serikali itaingia kwa M-Pesa yangu kila muhula. Nimpe? – Mama wa Bamburi, Mombasa

JIBU: Usimpe, mama. Pesa ya elimu maalum haiingii simu ya mzazi, muhula huu wala ujao. Serikali huhesabu vichwa, kisha hupeleka mgao katika akaunti za shule.

Kila mwanafunzi wa msingi katika shule ya umma ametengewa shilingi 1,420 kwa mwaka, zinazogawanywa kwa asilimia 50, 30 na 20: yaani 710 muhula wa kwanza, 426 wa pili, 284 wa tatu. Mwenye ulemavu huongezewa 2,300 kwa mwaka. Jumla 3,720. Hicho ni kiwango cha karatasini. Mara nyingi mgao huchelewa, na ukifika huwa pungufu. Kwa mwaka mzima pesa hiyo haifiki hata zile 4,500 anazokudai huyo bwana, na kumlipa msaidizi wa kukaa na mtoto darasani ndiyo kabisa haiwezi. Sekondari viwango ni vikubwa zaidi, 22,244 na nyongeza ya 35,730, lakini huko nako mpokeaji ni shule.

Mwalimu mkuu huenda asema kweli, ila hajakwambia sababu. Katika NEMIS, mfumo wa kompyuta wa kuandikisha wanafunzi ambao Wizara ya Elimu sasa yauhamishia mfumo mpya wa KEMIS, mwanao ana namba yake ya utambulisho, UPI, iliyotokana na cheti chake cha kuzaliwa, lakini yaelekea pale pa kuandika aina ya ulemavu pako patupu. Kwa hesabu ya Nairobi, huyo ni mtoto wa 1,420 kama wenziwe.

Na hapa ndipo penye kosa linalochosha, kwa sababu hata walimu hulifanya: kudhani kwamba barua ya hospitali au kadi ya ulemavu ya NCPWD, baraza la taifa la watu wenye ulemavu, hulijaza pengo hilo. Barua ya daktari yasema mtoto ana hali gani. Kadi yasema ni mtu mwenye ulemavu aliyesajiliwa na baraza la taifa. Hakuna kati ya hizo inayosema mtoto hujifunza vipi, akae darasa gani na ahitaji nini ili asome. Karatasi ya kusema hayo ni ripoti ya kituo cha tathmini ya elimu, EARC. Vituo hivi viko tangu mwaka 1984, vilipoanzishwa kwa msaada wa Denmark, na bado watu huuziwa njia ya kuvifikia kana kwamba ni siri ya sirikali.

Nenda ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yako uulize siku ya tathmini. Chukua cheti cha kuzaliwa, barua ya hospitali, na madaftari yake ya muhula huu na uliopita. Madaftari usiyasahau: mtathmini huona humo mtoto huacha kazi wapi, hunakili vipi, huchoka saa ngapi. Ikiwa masikio au macho hayajapimwa, utarudishwa hospitali kwanza, na ni haki yao kukurudisha. Mtoto asiyesikia vizuri anaweza kuonekana ana usonji. Mwishowe watapendekeza darasa la kawaida lenye usaidizi, kitengo maalum, shule maalum, au masomo ya nyumbani. Usonji haumaanishi lazima ahamishwe. Kama atahamishwa, hakikisha shule ya zamani imemwachilia kwenye mfumo, la sivyo ile mpya haitaweza kumwingiza.

Ripoti ikitoka, itake iandike aina ya ulemavu waziwazi. Aina hiyo ndiyo itakayoingizwa kwenye mfumo, na ndiyo itakayotazamwa na baraza la mitihani, KNEC, baadaye akiombewa dakika 30 za ziada katika mtihani.

Ya bwana wa 4,500 yana chembe ya ukweli, ndiyo maana yawanasa watu. Iko pesa inayokwenda kwa familia: Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi, kwa kaya zenye mtu mwenye ulemavu mkali anayehitaji kuangaliwa saa zote. Hiyo ni ya ulinzi wa jamii. Huulizwa kwa chifu na maafisa wa ustawi wa jamii, wala haihusiani na shule. Mabroka huzichanganya hizi mbili makusudi, kisha hutaja "kila muhula" ili ionekane ya elimu.

Afadhali huyo anayechukua pesa akapotea. Wabaya zaidi ni wanaouza ripoti yenyewe: watumie video ya mtoto kwa WhatsApp, jioni upate karatasi yenye muhuri na asilimia za "uwezo wa ubongo". Huko ni kuuziwa mbuzi ndani ya gunia. Aliyeandika hajamwona mtoto akishika penseli, na mara nyingi huandika "ulemavu wa akili" kwa kila mtoto asiyeongea. Neno hilo likiingia kwenye mfumo, mtoto mwenye uwezo wa kufuata mtaala wa kawaida aweza kuelekezwa kwenye mkondo wa hatua, yaani ule usiofuata gredi za kawaida, unaoishia mafunzo ya ufundi, na kumrudisha kwahitaji tathmini mpya na miezi ya kuhangaika kutoka ofisi hadi ofisi. Ofisi ya serikali ikiwa na ada, hulipwa kupitia eCitizen, Paybill 222222, si kwa namba ya simu ya mtu. Na shule ikikuambia "toa pesa ya mtoto maalum au abaki nyumbani", sheria ya elimu ya msingi ya 2013, kifungu cha 29, yakataza kumzuia mtoto kwa sababu ya mchango ambao haujalipwa, na yataka kila mchango uwe na risiti rasmi.

Ripoti halisi weka nyumbani. Mpe mwalimu mkuu nakala, nyingine atie sahihi na tarehe ya kuipokea ubaki nayo. Kisha, kabla ya muhula kufungwa, mwombe akuonyeshe kwenye kompyuta pale palipokuwa patupu.