Uwanja wa gofu ukifungwa masika: nini kikatwe, nini kiachwe

Korona ilipoingia nchini Machi 2020, michezo ilisimamishwa tarehe 17 mwezi huo na ikaruhusiwa tena tarehe 1 Juni. Hizo ni siku 76, na kwa mtu wa Tanga ndizo siku zenyewe za masika. Hakuna kipindi kingine cha mwaka ambacho ukoka unaota kwa kasi kama hicho: joto lipo, maji yapo, ardhi haikauki. Kwa hiyo kufunga uwanja wa nyasi hapa pwani kuanzia Machi si sawa na kuufunga Januari, jua la kaskazi likiwa limekaza na nyasi zimelala. Haya tunawaandikia wasimamizi na wakata nyasi ambao siku moja watajikuta tena na watu wachache, mafuta ya kupimiwa na hakuna ada inayoingia.

La kwanza, na likikushinda mengine shikilia hili: linda grini, yaani kile kipande cha nyasi fupi kabisa chenye shimo na bendera. Njia kuu ya kuchezea, yaani ule ukanda mrefu wa nyasi kutoka pa kuanzia kupiga hadi grini, ikiachwa miezi miwili, trekta na wiki chache za kukata kwa mpango zitairudisha. Grini ikiachwa wiki tatu za masika inaweza kukudai kupanda upya, na kupanda upya ni gharama inayozidi mbali mafuta uliyodhani umeokoa.

Sababu iko ndani ya mmea wenyewe. Ukoka unaokatwa mara kwa mara chini ya milimita 6 hutambaa, na majani yake hukaa karibu na udongo. Ukiacha kuukata, unanyanyuka kutafuta jua. Majani mabichi yanabaki juu tu. Chini kuna vijiti vitupu vya rangi ya majani makavu. Siku utakayorudi na mashine na kuishusha moja kwa moja hadi urefu wa zamani, unaondoa majani yote na kubakiza vijiti. Grini inageuka kahawia kwa nusu saa, jua linapiga udongo, na kabla ukoka haujajikusanya ndago zimekwisha kuchukua nafasi.

Kanuni ni usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu wa jani kwa mkato mmoja. Ukitaka nyasi za milimita 6, zikate zikifika 9. Kwa mvua za Aprili hapa kwetu, milimita hizo tatu hazichukui siku nyingi. Ndiyo maana tunashauri mara tatu kwa wiki, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na mashine ipandishwe kidogo: kama grini zenu zilikuwa zikikatwa milimita 5, ziwekeni 6 au 7 kipindi chote cha kufungwa. Msipite 8. Kupandisha kidogo kunaupa ukoka majani zaidi ya kujilisha na kunakupa nafasi ya kupumua mvua ikikuzuia siku moja. Kupandisha sana ni kuacha grini kwa jina lingine.

Wengi hudhani kazi hii inataka kikosi. Pigeni hesabu. Grini ya wastani ni kama mita za mraba 400. Mashine ya kusukuma yenye upana wa sentimita 53, ukiondoa ule mpaka ambapo mkato mmoja unaingia juu ya mwingine, inakupa nusu mita safi. Mita 400 kwa nusu mita ni mwendo wa mita 800, na kwa hatua za kawaida ni dakika 12. Weka na kugeuza, kumwaga kikapu na kukata duara la pembeni, sema dakika 20 hadi 25. Uwanja wa mashimo 9 mtu mmoja anaumaliza asubuhi moja, tena na muda wa kusogeza mashine kutoka grini hadi grini. Wapewe watu wawili wanaopokezana, basi. Mkiwa na dizeli na petroli kidogo, petroli ya mashine hii iwekwe kando kwanza, kwenye dumu lake, lisiguswe kwa kazi nyingine.

Hesabu hiyo ni muhimu pia mbele ya serikali ya mtaa na ya wilaya. Uingereza, ambako watu walifungiwa kuanzia 23 Machi 2020 na viwanja vya England vikafunguliwa 13 Mei, vyombo vya gofu na vya watunza viwanja viliandika mwongozo mfupi wa kazi za lazima: grini zisizidi mara tatu kwa wiki, njia kuu na pale pa kuanzia kupiga zisizidi mara moja kwa wiki, nyasi ndefu za pembeni mara moja kwa wiki mbili, na vichaka viachwe. Uzuri wa karatasi ile ni kwamba ilionyesha kiwango cha juu, si orodha ya matamanio. Andikeni ya kwenu namna hiyo: majina ya watu, siku, saa za kuingia na kutoka, kazi yenyewe. Mpelekeeni mwenyekiti wa mtaa nakala kabla hajawauliza, ili akiona mtu anasukuma mashine saa 1 asubuhi ajue ni nani na kwa nini.

Kabla ya kukata, umande. Masika grini huamka zimelowa chapa, na jani likikaa na maji saa nyingi kwenye joto kuvu hushika: utaona mabaka ya duara, kahawia au ya rangi ya majani makavu, yakipanuka siku hadi siku. Watu wawili wanashika mpira wa maji wa mita 20, kila mmoja mwisho mmoja, wanauvuta juu ya grini kutoka upande huu hadi ule. Matone yanaanguka, jani linakauka mapema. Ni kazi ya dakika mbili kwa grini, na inakuokolea dawa nyingi za ukungu. Hata siku isiyo ya kukata, umande upanguswe.

Kisha makali. Visu vya mashine ya silinda, yaani ile ambayo visu vyake huzunguka kama pipa juu ya kisu cha chini kilichotulia, visipokata vinararua, na ncha za majani zinakuwa nyeupe kesho yake, kama zilizochomwa. Jani lililoraruka ni mlango wa kuvu. Zima injini, chomoa waya wa plagi, vaa glavu nene. Chukua ukanda wa gazeti wenye upana wa vidole viwili, uingize kati ya silinda na kisu cha chini, zungusha silinda kwa mkono taratibu. Karatasi ikatike safi, bila kukunjika wala kuchanika, na jaribu hivyo kila sentimita tano tangu kushoto hadi kulia. Inapokunjika upande mmoja tu, kisu cha chini kimekaa mshazari. Kaza skrubu ya upande huo robo mzunguko, jaribu tena. Inapokunjika kote, makali yameisha, silinda inataka kusagwa kwa unga wa kunolea. Usikimbilie kukaza hadi chuma kigusane na chuma kwa nguvu. Injini itachoka, silinda itapata moto, na makali yataliwa kwa siku mbili.

Mbolea ipungue, isiishe. Hapo ndipo tumeona viwanja vingi vikikosea pande zote mbili: wengine wanaacha kabisa, grini inapauka na kuingiwa na magugu, wengine wanamwaga yote iliyobaki ghalani kwa kuogopa isiharibike, na ukoka unawakimbia. Kipindi cha kufungwa gramu moja ya nitrojeni kwa kila mita ya mraba, kila wiki tatu au nne, inatosha. Kwa grini ya mita 400 hiyo ni gramu 400 za nitrojeni, na kwa kuwa SA, yaani mbolea ya salfeti ya amonia, ina nitrojeni asilimia 21, unahitaji kilo 2 kasoro kidogo. Changanya na debe moja la mchanga mkavu ili isianguke kwa mafungu, mwaga nusu ukitembea urefu na nusu ukitembea upana, nyasi zikiwa kavu, kisha nyunyiza maji mara moja. SA tunaipendelea kuliko urea kwa sababu ya udongo wetu. Sehemu kubwa ya pwani hii imekaa juu ya mawe ya matumbawe, udongo una chokaa nyingi, na SA huongeza tindikali kidogo. Chokaa hiyohiyo hufunga madini ya chuma, ndiyo maana nyasi zinaweza kuwa za manjano hata baada ya mbolea. Dawa yake ni salfeti ya chuma, gramu 400 kwa grini moja katika lita 40 za maji, yaani mabomba mawili ya mgongoni, ipulizwe jioni. Msiipulize karibu na saruji au vigae. Doa lake la kutu halitoki.

Mchanga wa kusawazishia utoke mtoni, usioshwe na bahari. Mchanga wa ufukweni una chumvi na vipande vya simbi na makome, ambavyo ni chokaa tupu juu ya chokaa. Tabaka la milimita moja kwa grini ya mita 400 ni madebe 20. Mwageni, kisha buruteni gunia la mkonge juu yake hadi mchanga upotee kati ya majani. Na kwa kuwa hakuna anayecheza, huu ndio wakati mzuri wa kutoboa grini kwa uma wa bustani: mashimo ya kina cha sentimita 10, yakiachana sentimita 10, siku ambayo udongo una unyevu lakini hauachi maji ukikanyagwa. Fanyeni grini moja hadi mwisho, mchanga na kila kitu, ndipo muianze nyingine. Grini tisa zilizotobolewa nusu, kisha agizo likatoka kwamba watu wabaki majumbani, ni hasara tisa.

Njia kuu punguzeni upana. Kateni ukanda wa katikati mara moja kwa wiki kwa milimita 25, pembeni paachwe. Nyasi zikipita goti, msizishushe kwa mkato mmoja: pitisheni kwanza juu, kwa trekta au kwa kwanja, kusanyeni, kisha rudini baada ya siku nne au tano. Majani hayo yana wenyewe. Tanga ina wafugaji wengi wa ng'ombe wa maziwa wanaofugia ndani, na wakiambiwa watakuja na baiskeli na toroli. Sharti ni moja tu, na lisivunjwe kwa kuoneana haya: palipopulizwa dawa, majani hayatoki.

Mashimo ya mchanga, yale yanayowekwa uwanjani kuwa vikwazo vya mpira, hayahitaji reki. Yanahitaji mtu wa kutoa maji baada ya mvua kubwa, kwa sababu tope laini likituama huziba mchanga na baadaye hautachuja tena. Na yanahitaji kung'olewa ndago mapema, ingali na majani matatu manne, kwa kuchimba hadi kwenye vile vitunguu vyake chini. Kukata juu ni kuipogolea. Kazi hii wapeni makedi, wale wanaowabebea wachezaji mifuko. Wao hulipwa kwa mzunguko anaocheza mtu. Uwanja ukifungwa, kipato chao kinakatika siku hiyohiyo, na hakuna anayewaandikia barua ya pole. Kuwalipa vibarua vya kung'oa ndago, watu wanne wanne wakiwa mbalimbali uwanjani, ni deni la uwanja kwao zaidi ya kuwa msaada.

Mashine zisizotumika zinaharibika upesi kuliko zinazofanya kazi, hasa kwa hewa yetu ya chumvi. Mara moja kwa wiki kila injini iwashwe dakika 15, pampu ya maji iendeshwe dakika 10 hata kama mvua inanyesha, ili sili zisigande. Mashine ndogo ambayo haitaguswa mwezi mzima, funga bomba la petroli na uache injini iendelee kuzunguka hadi izime yenyewe, kabureta ibaki kavu. Petroli iliyolala huacha utando unaoziba tundu dogo ndani yake. Betri toa waya wa hasi. Mdomo wa ekzosi na wa filta ya hewa zibeni kwa kitambaa, kwa sababu nyigu wa udongo hujenga humo kwa siku chache, na kitambaa kiwe chekundu ili mtu asisahau kukitoa.

Kuhusu maradhi yenyewe: timu mbili zisizokutana, kila moja na siku zake, ili mmoja akiugua wasikae chini wote. Kila mtu na mashine yake. Ndoo ya maji tiririka na sabuni iwe mlangoni mwa ghala, na mikono ya mashine, vifuniko vya matangi na funguo vifutwe kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kabla na baada ya kazi. Klorini msiipake kwenye mashine. Inakula nyaya na springi, na sabuni inatosha.

Tangazo la kufungua likitoka, ombeni siku kumi. Kama grini ziko milimita 8, zishushwe hadi 7, zikae siku tatu au nne, zishushwe hadi 6, zikae tena, ndipo 5, na kila hatua ifuatwe na mchanga mwembamba. Klabu itakuwa na haraka na wachezaji watapiga simu. Msimamizi asikubali kufupisha hilo. Wiki ya kwanza shimo lihamishwe kila siku, kwa kuwa grini iliyokaa bila nyayo huwa laini na watu wote watakanyaga mahali pamoja. Kikombe cha shimo kinyanyuliwe juu kidogo ya nyasi ili mpira ugonge bila kuzama, bendera isiguswe, na reki zibaki ghalani; mchezaji asawazishe mchanga kwa mguu wake.