Mtihani wa leseni ya uuguzi unauliza utaanza na lipi

Mtihani wa leseni unapokaribia, vijana wa uuguzi hapa Tanga huanza kunitafuta. Wengine wamemaliza chuo papa hapa mjini, wengine wamerudi kwao Muheza au Korogwe na wanajisomea huko, na karibu wote huja na swali moja: nisome kitabu gani? Swali hilo hulijibu kwa ufupi, kwa sababu mtu aliyekwisha kufaulu mitihani ya chuo hakosi maarifa, na madaftari yake yanamtosha. Jambo ninalopenda kukaa nalo kwa muda mrefu zaidi ni namna ya kulisoma swali lenyewe.

Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, ambalo kazi yake inaongozwa na Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, lipo kwa ajili ya kumlinda mwananchi, na ukiusoma mtihani kwa jicho hilo mambo mengi yanajieleza. Chuoni uliulizwa dalili za kifafa cha mimba, ukazitaja, ukapata alama zako. Mtihani wa leseni unamtanguliza mgonjwa, kisha unakuuliza utaanza na lipi. Na ugumu wake ni kwamba majibu yote manne yanaweza kuwa mambo ambayo muuguzi hufanya kweli.

Chukua mama aliyelazwa kwa kifafa cha mimba, anayepewa magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege, na muda wa dozi inayofuata umefika. Unampima: anapumua mara 10 kwa dakika, na goti likigongwa mguu hauruki. Majibu uliyopewa ni kumwita daktari, kupima shinikizo la damu, kuizuia dozi, au kuandika kwenye faili. Hakuna hata moja la kuchekwa, maana ukiwa kazini utayafanya yote kabla zamu haijaisha. Lakini anayejua kwa nini tunagonga goti hababaiki. Dawa hii ikizidi mwilini hudhoofisha misuli, na misuli ya kupumua haisalimiki, ndiyo maana kabla ya kila dozi tunahakikisha kwamba mama anapumua angalau mara 16 kwa dakika, kwamba goti linaitika, na kwamba mkojo haupungui mililita 30 kwa saa, kwa kuwa dawa hutolewa na figo. Kwa hiyo unaizuia dozi kwanza, kisha unaita msaada, unamsaidia kupumua na kuandaa kalsiamu glukoneti, dawa inayopinga nguvu ya magnesiamu. Mwanafunzi aliyekariri namba hizo tatu bila sababu zake atazitaja usingizini, lakini swali likigeuzwa kidogo tu anakwama.

Hapo ndipo ninapowashauri wadogo zangu wausome ugonjwa kwa kujiuliza maswali mawili: ni kitu gani kitakachomuua mgonjwa huyu mapema kuliko vingine, na mimi kama muuguzi nina mamlaka ya kufanya nini kabla daktari hajafika. Ukiyajibu hayo kwa kutokwa na damu baada ya kujifungua, kwa mtoto mchanga asiyepumua, kwa malaria kali na kwa mgonjwa aliyetoka chumba cha upasuaji, umekwisha kusoma sehemu kubwa ya mambo yenye uzito.

Mtego mwingine unawahusu zaidi wale waliokwisha kuzizoea wodi. Katika zamu ya usiku yenye wagonjwa wengi na wauguzi wachache, sista mzoefu hukadiria matone ya dripu kwa macho, na mara nyingi hakosei sana. Mtihani haumjui sista huyo. Katika mtihani una mgonjwa mmoja, vifaa vyote vipo, na jibu ni lile la mwongozo. Lita moja ya maji kwa saa 8, kwa mpira wa dripu wa matone 20 kwa mililita, ni 1,000 mara 20, gawanya kwa dakika 480, unapata matone 42 kwa dakika. Kwa mpira mdogo wa watoto, wa matone 60 kwa mililita, idadi ya matone kwa dakika ni sawa na mililita kwa saa, kwa hiyo ukishajua mililita kwa saa huna haja ya kukokotoa zaidi. Hesabu hizi zifanye kwa kalamu, chache tu kila siku, mpaka mkono uzizoee.

Maadili nayo watu huyapuuza kwa kudhani yanajulikana. Sisi huku tunajuana mno. Mama mkubwa wa mgonjwa, mtu wa mtaa wenu wa Ngamiani aliyekubeba ungali mdogo, anakufuata mlangoni, unamwamkia, anakuitikia marahaba, kisha anauliza vipimo vya mtoto wake vimeonyesha nini. Adabu inakusukuma useme neno. Jibu la mtihani, na la kazi pia, ni kwamba mgonjwa mtu mzima mwenye akili timamu ndiye mwenye siri yake, na wewe humwelezi ndugu yeyote bila ridhaa yake, hata awe mzazi.

Kuhusu madaftari ya kaka na dada waliotangulia, yatumieni kwa hadhari. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mapendekezo yake ya mwaka 2018, hatua ya uchungu wa kujifungua uliokolea ilihesabiwa kuanzia mlango wa kizazi unapofunguka sentimita 5, ilhali madaftari mengi ya zamani yanasema 4. Kabla ya kukariri namba yoyote, tazama mwongozo wa Wizara ya Afya unaotumika sasa, na taarifa za tarehe, kituo na malipo zichukue kwenye matangazo ya Baraza lenyewe, wala usitegemee ujumbe uliopita kwenye makundi matano ya simu.

Kusoma kwa kikundi kunafaa, mkiwa watatu au wanne, mradi kila mmoja aje na visa vyake na awatake wenzake watetee jibu walilochagua na waeleze kwa nini wameyaacha mengine. Kikundi cha kusomeana madaftari kwa sauti ni afadhali mkakae ufukweni Raskazone mkapunge upepo.

Ukishafaulu, kamilisha usajili na uchukue leseni yako kabla ya kukubali zamu popote, hata kama mwenye zahanati ni jamaa yenu na anakuambia uanze Jumatatu, karatasi zitafuata. Sheria inataka leseni iwe mkononi kwanza.