Natuma maombi siitwi usaili

SWALI: Dada shikamoo. Nimemaliza chuo mwaka jana, digrii ya uhasibu, kila tangazo likitoka Ajira Portal (ile tovuti ya kuomba kazi serikalini) naomba ila siitwi. Sasa kuna jamaa anataka laki 3 eti anisukumie jina. Nimpe? (Mhitimu, Dodoma)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usimpe hata mia, kuomba kule ni bure, huyo ni tapeli tu. Ingia kwenye akaunti yako uangalie umepakia nini, maana wengi wanaweka hati ya matokeo ya muda wakati matangazo yenyewe yanasema kabisa haikubaliki, wanataka cheti chenyewe tena kilichothibitishwa na mwanasheria, na barua ya maombi lazima isainiwe (hili la saini watu wanalisahau balaa!). Majina je? Kama cheti cha fomu foo na kitambulisho cha NIDA havifanani, muone wakili.

Halafu usikae nyumbani unasubiri pdf ya majina ya walioitwa usaili. Nenda kwenye SACCOS au duka la jumla hapo mtaani, omba uwasaidie vitabu vya hesabu, hela itakuwa ndogo ila utapata uzoefu na mdhamini wa kumwandika kwenye CV, sio kila mara mhadhiri wako.