Misumari dhidi ya aseniki

SWALI: Kisima cha wazazi wangu Geita kiko jirani na machimbo. Vipimo vimeonyesha sumu ya aseniki, mikrogramu 60 kwa lita. Je, wachemshe? Au wachuje kwa misumari?
Msomaji, Mbagala

JIBU: Kuchemsha hakusaidii hata kidogo: maji hupungua, aseniki inabaki, inazidi kukolea. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi mikrogramu 10 kwa lita.

Misumari inafaa, ila kinachofanya kazi ni kutu. Aseniki hunata kwenye kutu, kisha mchanga hunasa chembe za kutu hiyo. Nunua Kariakoo kilo 5 za misumari ya mbao isiyopakwa zinki. Ile ya kuezekea mabati haishiki kutu upesi. Misumari ya mbao itandazwe kwenye beseni lenye matundu juu ya ndoo ya mchanga uliooshwa, ifunikwe na vipande vya matofali ya kuchoma. Wamimine maji taratibu kwa wiki 2 bila kunywa, hadi kutu ienee.

Misumari ikigandamana, maji hupita kwenye ufa mmoja bila kugusa kutu. Waitenganishe, wakivaa glovu. Fosfeti (chumvi ya fosforasi) ikiwa nyingi majini nayo hunyang'anya aseniki nafasi kwenye kutu, kwa hiyo sampuli ya maji yaliyochujwa ipimwe maabara kwanza. Hadi majibu yatoke, tafadhali wanywe maji ya chanzo kingine kilichopimwa. Tope la kutu lisimwagwe bustanini wala karibu na kisima.