Uso wa mfalme si mali ya mchoraji: maswali kuhusu picha za watawala wa ukoo wa Tudor, Uingereza

Kwa nini Mfalme Henry VIII huchorwa kila mara akiwa ametanua miguu, mabega mapana kama mlango?

Mkao huo ulibuniwa na mchoraji Hans Holbein mwaka 1537, ukutani katika kasri la Whitehall, London. Mwaka mmoja kabla, mfalme alikuwa ameanguka farasi kwenye mashindano ya mikuki, na hakuwa na mrithi wa kiume wa halali. Nyuma yake akawekwa baba yake, Henry VII, aliyetwaa taji vitani mwaka 1485. Mgeni anayeingia aone ukoo uliokita mizizi, ilhali ulikuwa na miaka 52 tu kitini. Katika mchoro wa maandalizi uso wa Henry VIII umegeuka pembeni kidogo; ukutani ukaelekezwa mbele, ukimkabili mtazamaji. Kwangu mimi, badiliko hilo dogo ndilo lililobeba picha nzima.

Mchoro wa karatasi ulihamishiwaje ukutani?

Kwanza huchorwa kwa ukubwa kamili; karatasi iliyosalia, ya upande wa kushoto, ina kimo cha karibu sentimita 258. Mistari hutobolewa kwa sindano, tundu baada ya tundu. Karatasi hubanwa ukutani, kisha kifuko cha kitambaa chenye unga wa mkaa hugongwagongwa juu yake. Unga hupenya na kuacha nukta, nazo huunganishwa kwa brashi. Karatasi ikisogea kidogo tu, jicho huhama mahali pake. Ukuta wenyewe uliteketea mwaka 1698.

Malkia Elizabeth I, binti wa Henry VIII, alifariki akiwa na miaka 69. Mbona kwenye picha hazeeki?

Kwa sababu wachoraji wengi hawakukaa naye ana kwa ana. Walinakili kiolezo cha uso kilichokubalika, wakabadilisha gauni na vito. Kiolezo cha picha iitwayo Darnley, ya mwaka 1575 hivi, kilitumika kwa miaka mingi. Mwaka 1596 baraza lake liliamuru picha zisizofaa ziharibiwe. Hakuwa na mtoto, na mikunjo usoni ingewakumbusha watu swali la nani atamrithi.

Je, alikuwa mweupe kiasi hicho?

Alijipaka vipodozi vyeupe, ndiyo, lakini rangi nayo inadanganya. Kwenye picha, wekundu wa mashavuni ulitiwa kwa rangi ya asili isiyohimili mwanga, ikapauka. Gauni lake katika picha ya Darnley, ambalo leo ni la kahawia, lilikuwa jekundu.